Leseni Ikivuka Mpaka, Nani Abaki Mdhamini?

Katika mji wa Kansas City nchini Marekani kuna barabara inayoitwa State Line Road. Nyumba za upande wa mashariki ziko katika jimbo la Missouri, na za upande wa magharibi ziko katika jimbo la Kansas. Muuguzi anayeishi upande mmoja anaweza kuvuka barabara hiyo asubuhi, akafanya kazi katika hospitali ya upande wa pili, akarudi nyumbani jioni, na leseni yake ikawa moja tu. Mbali kaskazini kuna miji mingine miwili inayotazamana, Fargo na Moorhead. Mto Red umepita katikati yake. Fargo uko North Dakota na Moorhead uko Minnesota. Huko, leseni ya majimbo mengi ya muuguzi wa Fargo haimpi yenyewe idhini ya kuhudumia wagonjwa wa Moorhead. Wauguzi wa Kansas City hawawazidi wenzao wa Fargo kwa ujuzi. Kilichowatofautisha ni mkataba ambao majimbo matatu kati ya hayo manne yameuingia na la nne limekataa.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii linatokana na tofauti hiyo. Je, ni haki kwa leseni iliyotolewa na serikali moja kumruhusu muuguzi kushika mwili wa mgonjwa aliye chini ya serikali nyingine? Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala. Si mwanasheria wala muuguzi. Lakini swali hili liko nyumbani kwetu. Binamu yangu alisomea uuguzi hapa Uganda na sasa anafanya kazi Missouri. Dada yangu mkubwa ni mkunga Busia, upande wa Uganda. Mmoja huvuka mpaka kila wiki kwa leseni moja, na mwingine hawezi kuvuka mita mia chache kwa leseni aliyo nayo. Isitoshe, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuahidi kwamba wataalamu wetu watafanya kazi kokote ndani ya Jumuiya. Kwa hiyo yanayojadiliwa Marekani leo yatatufikia kesho, na ni vizuri tuyafikirie kabla hayajafika.

Msimamo wangu ni huu: leseni moja inayovuka mipaka ni jambo la haki, lakini kwa sharti kwamba dhamana ivuke pamoja nayo. Leseni ikivuka peke yake, anayeumia ni mgonjwa.

Nianze na mkataba wenyewe, kwa kuwa mjadala wa maadili usiojua jinsi jambo linavyofanya kazi huishia kwenye maneno mazuri tu. Marekani haina leseni ya taifa ya uuguzi. Tangu North Carolina ilipotunga sheria ya kwanza ya kusajili wauguzi mwaka 1903, kazi hiyo imekuwa ya majimbo, na kila jimbo lina bodi yake. Karibu na mwaka 2000, majimbo machache yalianza kutumia Mkataba wa Leseni za Wauguzi. Baadaye mkataba huo ulifanyiwa marekebisho, na toleo jipya likaanza kutekelezwa Januari 2018. Kansas ilianza kuutumia mwaka 2019. Kabla ya hapo hata barabara ile ya Kansas City ilikuwa ukuta kwa muuguzi mwenye leseni moja. Leo majimbo yapatayo 40 yameupitisha. Miongoni mwa yaliyobaki nje hadi ninapoandika ni California, New York, Illinois, Oregon na Minnesota.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Muuguzi hupewa leseni na jimbo analoishi, na makazi yake huthibitishwa kwa vitu kama leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au fomu ya kodi. Lazima awe amefaulu mtihani wa NCLEX, amechunguzwa kwa alama za vidole, na hajatiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Akitimiza masharti hayo na mengine, leseni yake humpa idhini ya kufanya kazi katika majimbo yote ya mkataba, iwe ana kwa ana au kwa simu. Akihamia jimbo jingine la mkataba ili kuishi huko, ana siku 60 za kuomba leseni ya jimbo hilo jipya. Tena kuna kanuni moja ambayo nitairudia baadaye: kazi ya uuguzi huhesabiwa kuwa imefanyika mahali alipo mgonjwa. Muuguzi aliyeketi Missouri akimshauri kwa simu mgonjwa aliye Kansas, anafanya kazi Kansas, na anafungwa na sheria za Kansas.

Wanaounga mkono leseni moja wana hoja yenye nguvu. Wanasema kwamba presha ya damu inapimwa kwa namna ileile Missouri na Kansas, na sindano inachomwa kwa namna ileile. Mtihani wa NCLEX ni mmoja kwa majimbo yote, hata yale yaliyo nje ya mkataba, na kiwango cha kufaulu ni kimoja. Kama serikali ya jimbo inakubali mtihani uleule, inalinda nini inapomdai muuguzi makaratasi mapya? Mwanzoni mwa janga la Korona mwaka 2020, New York, ambayo haimo katika mkataba, ilitoa amri ya dharura kuruhusu wauguzi wenye leseni za majimbo mengine kufanya kazi huko bila leseni ya New York. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko mikono ya kuwahudumia. Anayetetea leseni moja anaweza kuuliza: ikiwa muuguzi wa mbali anafaa siku ambayo watu wanakufa kwa wingi, kwa nini hafai siku ya kawaida? Au mgonjwa mmoja anayekosa muuguzi siku ya kawaida si mtu?

Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Inatuonyesha kwamba vizuizi vingi tunavyoviita ulinzi wa mgonjwa ni mazoea ya ofisi. Hata hivyo, ina upungufu. Inajibu swali la ujuzi na kuacha swali la uwajibikaji. Mgonjwa anapolala kitandani na kunyoosha mkono wake ili achomwe sindano na mtu asiyemfahamu, hajiulizi tu kama mtu huyo anajua kazi. Ndani ya utulivu wake kuna jambo jingine: kwamba mtu huyo akimdhuru, yupo wa kuulizwa.

Hapa ndipo lugha yetu inaponisaidia kufikiri. Neno leseni tumelichukua kutoka Kiingereza, nalo hutufanya tuone karatasi yenye picha na muhuri. Lakini kazi ambayo karatasi hiyo inafanya ina jina la zamani zaidi katika Kiswahili, nalo ni dhamana. Ninapomdhamini mtu, kwa mfano ili akopeshwe pesa, ninawaambia wengine mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, namjua mtu huyu na naamini atatimiza. La pili, asipotimiza, njooni kwangu. Mdhamini anayesema la kwanza na kulikimbia la pili hatumwiti mdhamini. Amemsifu mtu tu, na sifa hazilipi deni.

Leseni ya uuguzi ni dhamana ya namna hiyo. Bodi inamwambia mgonjwa: tumemchunguza mtu huyu, na akikukosea, njoo kwetu. Ndani ya jimbo moja, maneno hayo mawili yanatoka kinywa kimoja. Mgonjwa, muuguzi na bodi wako chini ya paa moja. Leseni inapovuka mpaka, maneno hayo yanaweza kutengana: bodi ya Missouri ndiyo iliyosema namjua, lakini mgonjwa aliyeumizwa yuko Kansas, na huenda hajawahi hata kusikia kwamba Missouri ina bodi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tatizo halisi la kimaadili katika leseni moja, na wala si tofauti ya ujuzi.

Mwanafalsafa Onora O'Neill, ambaye mihadhara yake ya mwaka 2002 katika BBC ilihusu suala la kuaminiana, amesisitiza kwamba lengo letu lisiwe kuongeza imani tu, bali kuiweka imani kwa wanaostahili. Nakubaliana naye, nami naongeza kwamba mgonjwa hana nafasi ya kufanya uchunguzi huo mwenyewe. Aliyevunjika mguu hawezi kumhoji muuguzi kuhusu chuo alichosoma. Serikali inamwamini muuguzi kwa niaba yake. Kwa hiyo majimbo mawili yanapokubaliana kupokea leseni za mwenzake, yanaazimana imani ambayo si mali yao. Ni amana ya wagonjwa. Na amana ya mtu huwezi kuiazima ovyo, hata kwa jirani mwema.

Je, basi, tufuate mkondo wa Minnesota na kusema kila jimbo libaki na mlango wake? Historia inatutahadharisha tusikimbilie jibu hilo. Charles Cullen alikuwa muuguzi aliyefanya kazi katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania kwa muda wa miaka 16, hadi alipokamatwa Desemba 2003. Alikiri mahakamani kuwaua wagonjwa 29. Wakati huo majimbo hayo mawili hayakuwa katika mkataba. Cullen alikuwa na leseni ya kila jimbo, kama ambavyo wapinzani wa leseni moja wangetaka. Milango ilikuwa miwili naye aliingia yote miwili. Kilichomsaidia kuhama kutoka hospitali moja hadi nyingine ni kimya. Baadhi ya waajiri walimshuku, wakamwacha aende zake, na hospitali iliyofuata haikuambiwa lililokuwa likishukiwa, kwa sababu wasimamizi waliogopa kushtakiwa. Baada ya kesi hiyo, New Jersey ilitunga sheria za kuzitaka hospitali zitoe taarifa za mienendo ya hatari ya watumishi wao, na kuzilinda zinapofanya hivyo kwa nia njema.

Nauona mfano huo kuwa mzito kwa sababu unaondoa dhana kwamba leseni mbili ni ulinzi mara mbili. Mdhamini bubu hana faida, hata wakiwa wawili. Wale wagonjwa wangeweza kuokolewa na maneno ya kweli kutoka kwa mwajiri mmoja hadi kwa mwingine, na maneno hayo hayakuhitaji leseni ya ziada.

Lakini upo mfano wa upande wa pili pia, na si haki kuuficha. Januari 2023, waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walitangaza kesi ya diploma bandia zaidi ya 7,600 zilizouzwa kupitia vyuo vitatu vya uuguzi vya Florida. Walionunua diploma hizo walizitumia kuruhusiwa kufanya mtihani wa NCLEX, na takriban 2,400 miongoni mwao walifaulu. Waliofaulu waliweza kuomba leseni katika majimbo mbalimbali. Florida imo katika mkataba. Hapa tunaona hatari ambayo wapinzani wanaitaja: mnapokubali kwamba mlango wa jirani ni mlango wenu, udhaifu wa kitasa chake unakuwa udhaifu wa nyumba yenu. Mgonjwa wa jimbo la mbali anaweza kudhurika kwa uzembe wa ofisi ambayo hakuichagua, hailipii kodi, na hana kura ya kuiondoa.

Mifano hii miwili nikiiweka pamoja, naona kwamba hesabu ya leseni, moja au mbili, si jambo la msingi. La msingi ni kama taarifa na lawama zinasafiri kwa kasi ileile ambayo muuguzi anasafiri.

Wanafunzi wenzangu tuliozungumza nao kuhusu mada hii walipenda kutumia mfano wa dereva. Dereva wa lori anayetoka Mombasa hupita Malaba, Kampala na Katuna hadi Kigali, na leseni yake ni moja. Kwa nini muuguzi asiwe kama yeye? Mfano huo ni mzuri, lakini tuufuate mpaka mwisho. Kenya na Uganda tunaendesha magari upande wa kushoto. Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Dereva huyo akishavuka Katuna, leseni yake inabaki ileile lakini upande wa barabara unabadilika. Akisema, "Mimi nilifundishwa kushoto," ataua watu. Kwa hiyo hata dereva tunayemsifia uhuru wake hakupewa uhuru wa kuhama na kanuni za kwao. Amepewa ruhusa ya kuingia katika kanuni za wengine.

Mkataba wa Marekani umeliona jambo hili, na hapo naupongeza. Kanuni niliyosema nitairudia ni hii: leseni humfuata muuguzi, lakini sheria humfuata mgonjwa. Mambo ambayo muuguzi anaruhusiwa kufanya bila agizo la daktari hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na katika tofauti hiyo mkataba umempa mgonjwa kipaumbele. Tena, jimbo ambalo kosa limetendeka lina mamlaka ya kumwondolea muuguzi idhini ya kufanya kazi humo, na jimbo lililotoa leseni linatakiwa kulipa kosa hilo uzito uleule kana kwamba limetendeka nyumbani. Bodi za majimbo ya mkataba zinatumia mfumo mmoja wa taarifa. Hayo ni maneno ya mdhamini wa kweli: hata kama ulikosewa mbali na kwangu, deni ni langu.

Hata hivyo, kuna pingamizi mbili ambazo sharti la dhamana peke yake haliziondoi, na ningependa kuzipa nafasi.

Ya kwanza inatoka kwa wauguzi wenyewe. Chama cha wauguzi cha Minnesota kimekuwa kikiupinga mkataba. Septemba 2022, wauguzi wapatao 15,000 wa jimbo hilo waligoma kwa siku tatu, wakidai pamoja na mishahara kwamba kila zamu iwe na wauguzi wa kutosha. Hospitali zinapokabiliwa na mgomo huajiri wauguzi wa muda kutoka nje, na leseni inayovuka kwa urahisi hurahisisha jambo hilo. Wakosoaji wanaona kwamba uhuru unaosifiwa kuwa wa muuguzi unaweza kugeuka kuwa uhuru wa mwajiri wa kumpuuza muuguzi. Siwezi kuipuuza hoja hii, kwa sababu anayegoma akidai wauguzi wa kutosha anamtetea na mgonjwa pia. Jibu langu ni kwamba haki ya mgomo inapaswa kulindwa na sheria ya kazi, kwa jina lake na mchana kweupe. Tukiilinda kwa kuchelewesha leseni, tunamwadhibu pia muuguzi wa Fargo ambaye hana ugomvi na mtu, anayetaka tu kuvuka mto akafanye kazi.

Ya pili inahusu makazi. Haki ya kuvuka inategemea anwani. Wauguzi wawili waliosoma darasa moja na kufaulu mtihani mmoja wanaweza kutofautiana kwa sababu mmoja amepanga nyumba Fargo na mwingine Moorhead. Wa Fargo anaweza kupata leseni ya majimbo mengi, ingawa mkataba haufiki ng'ambo ya mto. Wa Moorhead hawezi kuipata kabisa, hata akifanya kazi Fargo miaka yote, kwa kuwa jimbo analoishi halimo. Anabaki kukusanya leseni moja moja. Ni vigumu kutetea jambo hili kimaadili, lakini nafikiri kosa si la wazo la leseni moja. Kosa ni la kuliacha nusu nusu. Dhamana inahitaji mdhamini, na mtu ambaye nyumbani kwake hakuna aliyekubali kumdhamini mbele ya wengine hubaki nje bila hatia yoyote.

Sasa nirudi Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama kutambua sifa za kielimu na kitaaluma za wenzao. Baada ya hapo, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitiliana saini makubaliano ya kutambuana. Lakini dada yangu wa Busia bado hawezi kuzalisha mama upande wa Kenya kwa leseni ya baraza la wauguzi na wakunga la Uganda. Angelazimika kusajiliwa upya Kenya.

Matokeo yake ameyaona. Mwaka juzi mama mmoja wa upande wa Kenya, ambaye alikuwa akimwendea dada yangu kliniki tangu ujauzito wa kwanza, alishikwa na uchungu usiku. Ndugu zake walimpigia dada simu wakimwomba aende. Nyumba yao ilikuwa karibu kiasi kwamba angefika kwa miguu. Hakwenda, kwa sababu akienda na lolote likitokea, mbele ya sheria ya Kenya yeye si mkunga. Mama yule alibebwa kwa bodaboda, katikati ya uchungu, hadi upande wetu. Alijifungua salama. Dada aliponisimulia, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Mpaka ulimzuia aliyekuwa na nguvu za kutembea, ukampitisha asiyekuwa nazo." Wenyeji wa Busia husema hata jina bodaboda lilitokana na kuvusha watu mpaka huo. Wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka siku zote, kwa shida na kwa gharama zao. Kwa hiyo tusiseme tunajadili kama uuguzi uvuke mpaka. Umekwisha kuvuka. Tunajadili nani abebe mzigo wa kuvuka, mgonjwa au mtaalamu.

Kwa hoja hiyo peke yake ningesema leseni moja ije hata kesho. Lakini nimekwisha kueleza kwamba isije peke yake. Napendekeza masharti matatu, nayo yanatokana na yale niliyoyasema juu ya dhamana.

Kwanza, sheria imfuate mgonjwa. Mkunga wa Uganda akivuka, afuate miongozo ya Kenya, kama dereva anavyobadili upande wa barabara akishapita Katuna. Hili litamlazimu ajifunze kabla ya kuvuka, na ni sawa.

Pili, taarifa ivuke kwa kasi ya leseni. Muuguzi aliyesimamishwa Kigali asiweze kuajiriwa Kampala wiki inayofuata kwa sababu tu barua haijafika. Bila rejesta ya pamoja ambayo kila baraza linaweza kuisoma siku hiyohiyo, tutakuwa tumefungua barabara kwa mtu kama Cullen.

Tatu, mlango wa malalamiko uwe karibu na mgonjwa na uwe katika lugha yake. Sharti hili sikulikuta katika mjadala wa Marekani kwa uzito ninaoutaka, pengine kwa sababu kule lugha ya ofisi ni moja. Kwetu sivyo. Mfikirie mgonjwa wa Goma aliyehudumiwa vibaya na muuguzi kutoka Uganda. Ofisi za nchi yake zinaandika Kifaransa, za Uganda zinaandika Kiingereza. Haki ya kulalamika ambayo huwezi kuitumia bila mkalimani wa kulipwa ni haki ya maandishi tu. Lakini mgonjwa huyo na karani wa Kampala wanaweza kuelewana kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya Jumuiya na ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Sisi tunaosoma Kiswahili huulizwa mara nyingi kitatusaidia nini. Hapa pana kazi: kuandika fomu ya malalamiko ambayo mama wa sokoni Busia, Goma au Rusumo anaweza kuisoma na kuijaza mwenyewe.

Huenda mtu akaniambia kwamba masharti haya yatachukua miaka, na wakati huo akina mama wataendelea kubebwa kwa bodaboda usiku. Ni kweli, na ndiyo maana naona dharura zitengwe. Mkunga anayeitwa kuokoa maisha hatua chache ng'ambo ya mpaka aruhusiwe leo, kwa makubaliano mafupi ya wilaya zinazopakana, kama New York ilivyofungua mlango wake mwaka 2020 bila kusubiri mkataba. Lakini ruhusa ya dharura isigeuzwe kuwa mfumo wa kudumu usio na wa kuulizwa. Wengine wataniambia pia kwamba wauguzi wataondoka wilaya maskini na kukimbilia miji mikubwa ya nchi jirani. Wataondoka baadhi yao, nami nimeshuhudia, maana binamu yangu alikwenda mbali kuliko Nairobi. Kumfungia mtu kwa karatasi ili abaki maskini si haki, lakini ni haki kwa nchi inayompokea kuchangia gharama za kufundisha mwingine wa kumrithi.

Kwa kuhitimisha, nimejaribu kuonyesha kwamba swali la leseni moja halijibiwi kwa kusema ugonjwa hauna mpaka, wala kwa kusema kila serikali ilinde watu wake. Kauli zote mbili ni za kweli na hazitoshi. Mkataba wa Marekani umefika mbali kwa sababu umejaribu kuvusha dhamana pamoja na karatasi, na unapungukiwa pale ambapo mgonjwa hajui amlalamikie nani. Sisi ambao bado hatujaandika mkataba wetu wa wauguzi tuna nafasi ya kuanza na mgonjwa huyo. Kila kifungu kitakachopendekezwa tukisome tukimuuliza yeye: ukidhurika, unajua mlango wa kubisha, na ukibisha, aliye ndani anajua kwamba deni ni lake?